KUKU AKIGONJWA: SUFURIA, SOKO, AO KARTONI?



Tangu majuma matatu kuna mabishano katika internati yetu, na mabishano hayo yametoka sasa katika vyumba vya kulala, yamefika uwanjani na mpaka kwenye meza za kulia. Wamoja wanasema sisi makapita tumekosa kazi. Wengine wanasema tumefanya vizuri. Kwa kuwa kila mtu amekwisha kusema lake, sisi makapita wa darasa la 6 tunaomba kusema letu hapa kwa karatasi, ili maneno yaishe, ao kama hayaishi, yaendelee kwa akili.

Neno lenyewe ni hili: kuku akigonjwa, tunapashwa kumfanya nini? Watu wa Bukavu wanajua njia tatu. Njia ya kwanza ni sufuria: achinjwe mbio kabla hajakufa mwenyewe. Njia ya pili ni soko: auzwe mbio kabla mnunuzi hajaona kitu. Njia ya tatu ni kartoni: awekwe pembeni, aangaliwe, auguzwe. Wengi wanafuata njia mbili za kwanza. Sisi tunasema kwamba njia ya tatu ndiyo inafaa mtu aliyesoma, na tutaonyesha sababu. Tena tutasema wazi pahali ambapo hata kartoni haifai, kwani hatutaki mtu aseme kwamba tunaandika kwa huruma tu, bila akili.

HABARI ILIVYOKUWA

Wenzetu wanaotoka nyumbani kila asubui hawakuona yote, basi tuwaeleze kwa ufupi. Mdogo wetu mmoja wa darasa la 7 alirudi kutoka Walungu baada ya vakansi ya Pasaka akiwa na kuku mke mudogo, wa miezi miwili hivi. Alipewa na koko yake. Koko alisema neno moja tu: "Minervali ikikosa, uza huyu." Wenzake wa chumba wakacheka, wakampa kuku jina, naye anaitwa Minervali mpaka leo. Mama mlezi wa internati alikubali kuku alale nyuma ya jiko, na wadogo wakawa wanamuwekea ugali wa jioni na sambaza zilizobaki.

Juma la pili Minervali akaanza kulala-lala. Mabawa yalianguka chini. Manyoya yalisimama kama ya mtu anayesikia baridi. Alikataa mahindi, na mavi yake yalikuwa na damu.

Hapo mabishano yakaanza. Mmoja wa darasa la 4 alisema: "Yaya, ile kuku iko inakufa. Tuikate leo, juu kesho tutaitupa bule." Mwingine akajibu: "Apana, tuipeleke soko mangaribi. Giza ikiingia, hakuna mwenye ataona kama iko mugonjwa." Mwenye kuku alisema tu: "Yaya kapita, munisaidie."

Tukakata neno: siku tatu za kumwangalia, kisha tutaona. Tuliomba kartoni kwa mama mpishi, tukaweka majani makavu ndani, tukaipeleka mbali na kuku wengine wa Papa Zamu. Siku ya pili baba wa mwanafunzi mmoja, ambaye ni munganga wa wanyama, alipita kumtembelea mtoto wake. Tukamuomba aje. Hakumshika kuku kwanza. Aliangalia mavi, kisha akaangalia pahali kuku alikuwa analala mbele ya kugonjwa. Ndipo akasema: "Hii ni koksidiozi. Na dawa mutaipata, lakini pahali pale ndipo pamemugonjesha."

Tulichanga franga, tukanunua dawa inayoitwa amprolium, tukaitia katika maji yake kwa kipimo alichotuandikia. Siku ya nne Minervali alikula. Siku ya nane alianza kukwaruza udongo na kufukuza mijusi. Ndiyo hayo. Hakuna muujiza ndani yake, na ndiyo sababu tunapenda kuyazungumza.

KUUGUZA NI KUTAFUTA SABABU

Wengi wanafikiri kuuguza ni kuhurumia. Huruma ni nzuri, lakini huruma peke yake ingemuua Minervali. Wadogo zetu walitaka kumfunika na blanketi kwa sababu walimshika wakasikia ana moto. "Ana homa kali!" walisema. Sivyo. Mwili wa mtu una digri 37, lakini mwili wa kuku mzima una digri 41 ao 42. Kuku wote ni wa moto katika mikono yetu. Mwenye kujua hilo hadanganyiki na mkono wake.

Walitaka pia kumnywesha maji kwa nguvu, kichwa kikiwa juu. Hilo nalo ni hatari. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma kidogo ya ulimi wake, na maji yakimwagwa mdomoni yanaingia katika mapafu. Inafaa kuchovya ncha ya mdomo tu katika maji, ukimuacha ameze mwenyewe, na kurudia kila mara. Siku ya kwanza, kama ameharisha sana, mtu anaweza kumpa kidogo yale maji ambayo kila mama anayajua: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo ya chumvi. Kiu ndiyo inaua mbio, mbele ya njaa.

Tena kuna baridi. Mji wetu uko juu, karibu metre 1500, na usiku wa mvua kuku mzaifu hawezi kujipasha moto. Mmoja alitaka kuweka mbabula ya makala karibu na kartoni ndani ya chumba. Tulikataza, kwani makala katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa inayoua watu wamelala, si kuku tu. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, iliyofungwa katika kitambaa, inatosha.

Lakini neno kubwa ni lile la munganga juu ya pahali. Koksidiozi inaletwa na vijidudu vidogo sana vinavyoishi katika matumbo ya kuku. Mayai yao yanatoka pamoja na mavi. Pahali pakiwa pakavu, mengi yanakufa. Pahali pakiwa na maji na joto, katika siku moja ao mbili yanakuwa tayari, na kuku anayakula tena anapodonoa chini. Sasa angalieni nyuma ya jiko letu: ni pale maji ya kuoshea sahani yanamwagwa kila siku, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Tungempa kuku dawa na kumrudisha pale pale, tungekuwa tunanunua dawa mpaka tumalize diploma. Kwa hiyo tulichukua jembe, tukachimba njia ya maji, tukaondoa majani yote yaliyooza, tukaweka majivu na majani makavu.

Tunaomba kila mmoja ashike hilo. Mwanafunzi anayeuliza "kuku huyu amekula wapi, amelala wapi, amekutana na nani?" amekwisha kuanza biolojia, hata kama hajafungua kaye.

"NI MICHEZO YA WATOTO"

Kuna wakubwa waliotucheka. Walisema mtu wa darasa la 6, anayengoja egzameni ya Serikali, hapaswi kuonekana amechuchumaa mbele ya kartoni ya kuku. Tunawajibu kwa habari mbili ambazo tulijifunza katika masomo.

Mwisho wa karne ya 19, munganga mmoja Mholandi, Christiaan Eijkman, alikuwa anatafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi katika kisiwa cha Java, mjini Batavia, ambao leo unaitwa Jakarta. Watu walikuwa wanazaifika miguu, hawawezi kutembea, wanakufa. Karibu na laboratwari yake kulikuwa na kuku. Siku moja akaona kuku hao nao wanayumba, miguu haiwabebi. Angeweza kusema: wapelekwe jikoni. Yeye aliendelea kuwaangalia. Kisha kuku wakapona, na hakuna aliyewapa dawa. Akauliza nini imebadilika. Akajua kwamba wakati wa ugonjwa walikuwa wanakula mchele mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya waaskari, na kwamba mpishi mpya alikataa kutoa mchele wa waaskari kwa kuku, akawarudisha kwenye mchele wa ganda. Ndani ya ganda lile kulikuwa kitu ambacho leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo la Nobel, pamoja na Frederick Hopkins wa Uingereza. Njia yake ilianzia kwa kuku wagonjwa ambao mtu hakuwazarau.

Habari ya pili ni ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Vaksini ya kwanza iliyotengenezwa katika laboratwari haikuwa ya watu. Ilikuwa ya kuku, juu ya ugonjwa uitwao kolera ya kuku, katika miaka ya 1879 na 1880. Aliona kwamba vijidudu vilivyozeeka vinamgonjesha kuku kidogo tu, na kuku huyo akipewa tena vijidudu vikali hafi. Kutoka pale njia ilifunguka mpaka vaksini ya ugonjwa wa mbwa wa wazimu mwaka 1885. Basi sisi sote tuliochanjwa tukiwa watoto tuko na deni kidogo kwa kuku. Anayetucheka mbele ya kartoni akumbuke hilo.

"NI KUPOTEZA FEZA"

Wengine hawakucheka, walihesabu. Walisema: kuku mmoja, mudogo vile, dawa ya nini? Tunawaheshimu wanaohesabu, lakini wahesabu mpaka mwisho. Dawa tuliyonunua ilikuwa na bei chini ya nusu ya bei ya kuku mke mzima. Na kuku mke mzima si nyama tu. Anataga, anaangua, anakuwa kumi.

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 Serikali ilianzisha masomo ya bure katika shule za msingi za Serikali. Sisi wa sekondari tungali tunalipa. Kila mmoja wetu anajua nyumba ambapo minervali ya mtoto inatembea uwanjani kwa miguu miwili. Na mwezi wa 2 mwaka 2025, vita vilipofika katika mji wetu, benki zilifunga milango. Watu waliokuwa na feza yao ndani ya benki walikosa ya kununua unga. Mama aliyekuwa na kuku watatu aliuza mmoja, watoto wakala. Hatusemi hivyo kwa kuzarau benki. Tunasema kwamba kuku ni akiba ya maskini, na akiba inayogonjwa inaangaliwa, haitupwi.

"WATU WANATESEKA, NINYI MUNAUGUZA KUKU"

Hili ndilo neno gumu zaidi, na lilisemwa na mwenzetu tunayemheshimu. Alisema: "Katika mji huu watu wako na taabu, kuna wenye hawana kitanda ku hopitali, na sisi tunachanga franga ya kuku?"

Hatukujibu mbio. Tulifikiri. Kisha tukaangalia ni nani waliokaa karibu na kartoni usiku, kabla ya taa kuzimwa. Walikuwa ni wale wale wadogo waliobeba maji ya mwenzao alipolala na malaria mwezi wa 3, na kumuandikia masomo asiachwe nyuma. Na wale waliopiga kelele ya sufuria, wengi wao hatukuwaona pale. Sisi hatuoni kwamba anayemuangalia kuku anamuibia mtu huruma yake. Mkono uliozoea kuangalia kiumbe kidogo unajua kuangalia hata kikubwa.

Tuko na mfano karibu na sisi. Kule Lwiro, katika Kabare, kuna nyumba ya kutunza sokwe na nyani yatima. Ilianzishwa mwaka 2002, wakati nchi yetu ilikuwa ingali katika vita. Kama kuna mwaka ambao watu wangeweza kusema "tuko na mateso yetu, wanyama waachwe," ni mwaka ule. Lakini watu wa hapa hapa kwetu waliwapokea watoto wa sokwe waliotolewa katika mikono ya wawindaji na wachuuzi, wakawanywesha maziwa, wakafunga vidonda vyao. Mpaka leo kazi hiyo inaendelea, na familia nyingi za pale zinaishi kwa kazi hiyo.

Na katika kitabu cha Mezali 12:10 mwenye haki anajulikana kwa namna anavyotunza uhai wa mnyama wake. Tusiende mbali kuliko hapo. Wachungaji watafasiria vizuri kuliko sisi.

PAHALI KARTONI HAIFAI

Sasa tuseme upande wa pili, kwani rafiki wa kweli hasemi utamu tu.

Kuna ugonjwa unaoitwa Newcastle. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri ao mdondo. Ulijulikana mwaka 1926 kule Uingereza, karibu na mji wa Newcastle, na katika Java pia. Kuku anapumua kwa shida, mdomo wazi. Anaharisha rangi ya majani. Shingo inajipinda, mabawa na miguu vinakufa ganzi. Katika siku chache nyua nzima inaweza kubaki bila sauti ya jogoo. Ugonjwa huo unaletwa na virusi, na hakuna dawa ya kuuponya. Mwenye kumkumbatia kuku wa namna hiyo, kisha akaenda kulisha kuku wa jirani kwa nguo zile zile na viatu vile vile, anabeba kifo katika viatu. Kuku huyo anapashwa kuuawa bila mateso, azikwe katika shimo refu pamoja na majivu ao chokaa, ili mbwa wasimfukue. Asitupwe katika mto wala katika Ziwa Kivu.

Ni hapa tunawalaumu wale wanaokimbilia farmasi kununua kapsuli za watu, zile za rangi mbili, na kuzifungua katika maji ya kuku. Antibiotiki haiui virusi. Pale inapotumiwa ovyo, vijidudu vingine vinaizoea, na kesho mtu akigonjwa dawa ile ile haitamsaidia. Pilipili na majivu mdomoni navyo ni kumtesa tu. Na hata dawa ya kweli ya kuku iko na sheria yake: baada ya kumpa, nyama na mayai vinangoja siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa kabla mtu hajala.

Turudi sasa kwenye njia mbili zilizopendwa na wengi. Njia ya sufuria inaonekana ya werevu, lakini mwenye kuchinja na kunyonyoa kuku mgonjwa ndiye anayekuwa karibu zaidi na ugonjwa, kuliko anayekula nyama iliyoiva. Mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalionekana Uganda kwenye Ziwa Victoria, kisha katika Ituri, hapa katika Kongo. Ituri si mbali. Aina nyingine, H5N1, imekwisha kuua watu katika inchi mbalimbali tangu mwaka 1997, na wengi wao walikuwa wameshika kuku wagonjwa ao waliokufa.

Na njia ya soko? Hiyo tunaikataa kabisa, bila kubishana. Anayeuza kuku mgonjwa giza ikiingia, haibi tu feza ya mama aliyenunua. Anampelekea mama huyo ugonjwa wa kumaliza kuku wake wote wa nyumbani. Kuku mmoja anayelala-lala katika kikapu, amekaa kati ya kuku 20 wazima saa tatu, anatosha kutawanya ugonjwa kutoka Kadutu mpaka Bagira, mpaka Kabare na Walungu. Kesho tutashangaa na kusema "ni mapepo," ao "ni jirani mwenye wivu." Hapana. Ni sisi tuliouza. Wangapi kati yetu walikosa minervali kwa sababu kuku wa nyumbani walikufa wote katika juma moja? Waulize: ugonjwa uliingia na kuku gani, na kuku huyo alinunuliwa wapi?

YALE TUNAYOOMBA

Tunaandika ili jambo fulani lifanyike. Kwa hiyo tunaweka hapa maombi manne mbele ya Bwana Prefe, waalimu na wanafunzi wote.

La kwanza. Kila kuku mpya anayeingia katika uwanja wa shule, awe wa mwanafunzi, wa mwalimu ao wa Papa Zamu, akae peke yake siku 14. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kujificha katika mwili wa kuku mpaka siku 15, ingawa mara nyingi unatokea katika siku 5 ao 6. Kuku anayeonekana mzima leo si lazima awe mzima.

La pili. Kuku mgonjwa asiuzwe na asipikwe. Atengwe, aangaliwe, na munganga wa wanyama aulizwe. Mwenye kumshika anawe mikono na sabuni mara moja, na kuku wazima wahudumiwe mbele, mgonjwa awe wa mwisho.

La tatu, na ndilo kubwa. Tuwe na siku ya kuchanja kuku. Kuna vaksini ya Newcastle ya tone moja katika jicho, inayoitwa I-2. Ilitayarishwa katika Universite ya Queensland, inchi ya Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwani inavumilia joto kuliko vaksini nyingine. Watanzania wanaitengeneza wao wenyewe. Inarudiwa kila miezi 3 ao 4. Haimponyi aliyekwisha gonjwa. Inamkinga aliye mzima. Shida ni moja: chupa ya vaksini ina dozi za kuku wengi, mara nyingi 100 na zaidi, na ikifunguliwa haiwekwi akiba. Mtu wa kuku watatu anafanya nini na chupa nzima? Ndiyo maana anaacha. Lakini sisi, waalimu wetu, na majirani wa barabara hii, tukileta kuku wote siku moja, chupa inaisha na bei ya kila kuku inakuwa kidogo sana. Wanafunzi wa sehemu ya Biolojia-Kemia wanaweza kuandika hesabu: nani alileta kuku wangapi, siku gani, na wangapi wangali wazima baada ya miezi mine. Hiyo ni kazi ya mikono kuliko kukariri tu majina ya vijidudu kwa mwalimu.

La nne. Tunaomba pale nyuma ya jiko pawekwe mufereji wa saruji kwa maji ya sahani. Sisi wanafunzi tutatoa mawe na mikono. Tumekwisha kuchimba njia ya udongo, lakini mvua ya mwezi wa 9 itaifunga. Maji yale yanagonjesha kuku leo. Kesho yanaleta mbu na harisho kwa sisi wenyewe.

Watu wa sufuria watasema tumetoka mbali, kutoka kuku mmoja mpaka saruji. Ndivyo. Ukimuangalia mgonjwa mmoja vizuri, unaona nyumba yake, maji yake, soko lake na jirani zake. Ukimkata mbio, huoni kitu. Unashiba usiku mmoja, na sababu ya ugonjwa inabaki pale pale ikingoja mwingine.

Kama kuna mwalimu ao mwanafunzi mwenye mawazo mengine, aandike katika namba inayofuata. Tutayasoma kwa heshima. Wenye kukubali kuchanga kwa chupa ya vaksini wawape majina makapita wa vyumba kabla ya siku ya Posho. Waandike tu jina na hesabu ya kuku. Hata mwenye kuku mmoja anahesabiwa.



Sisi makapita wa internati,
kwa mkono wa kapita mkuu, darasa la 6 Biolojia-Kemia